Watano Wasioonekana Kwenye Kadi

Mtaa wa Swahili,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
Alhamisi, 14 Juni 1956

Mpendwa Dada Sophia,

Shikamoo, dada yangu. Hujambo wewe, hajambo shemeji Ramadhan, na huyo bibi mdogo Tatu hajambo? Natumaini upepo wa huko Tanga umemwacha salama, na kwamba bado anamfukuza jogoo wa jirani kama ulivyotuandikia. Sisi huku hatujambo, isipokuwa goti la Mama ambalo linaendelea kutabiri mvua ingawa masika yamekwisha. Mkeka wako ulifika. Mama amekataa tuukalie mpaka harusi ipite.

Kabla hujaendelea mbele, nakuomba jambo moja. Soma barua hii peke yako. Usimsomee Ramadhan kwanza, wala usimpe yule mwalimu jirani yako akusaidie maneno magumu. Ulijifunza kusoma kwa daftari zangu, tena ukanipita, kwa hiyo najua utaweza. Ukimaliza, utaamua mwenyewe nani asomewe.

Habari ya harusi unayo, maana Shangazi Mwanahawa hawezi kukaa na habari tumboni. Ijumaa ijayo, tarehe 22, baada ya sala ya alasiri, mdogo wetu Sitara anaolewa na Seifu wa Shangazi. Mtoto wa mjomba kaolewa na mtoto wa shangazi, kama wewe na Ramadhan, na Shangazi anapita mlango kwa mlango akisema damu nzito kuliko maji. Baba hayupo, kwa hiyo walii ni mimi. Shehe ataniuliza mimi kama nimeridhia. Dada, leo hii sijui nitamjibu nini, na ndiyo sababu ya barua hii.

Inanibidi kwanza nikueleze kazi yangu, kwa sababu nilikuandikia tu kwamba mimi ni karani wa daktari. Daktari wetu ni Mzungu mmoja mrefu, mkimya, asiyetibu mtu. Anahesabu damu. Mwaka jana tulizunguka naye Kariakoo na Magomeni tukiwachoma watu vidole, tone moja moja. Unakumbuka jinsi watu wa mji huu wanavyoogopa mumiani. Walisema damu inachemshwa kuwa dawa ya Wazungu. Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikiapa kwa jina la Baba kwamba si kweli, na wengi walikubali kwa heshima ya marehemu. Tukapata watu wazima mia tano.

Kila mtu ana kadi yake. Kadi zenyewe zina matundu pembeni, kila tundu na maana yake: mtaa, kabila, umri, aina ya damu. Jibu likiwa ndiyo, tundu linakatwa mpaka ukingoni. Ukitaka kuwajua watu wa namna fulani, unazipanga kadi pamoja, unapitisha sindano ya kufumia sweta kwenye tundu lile, unainua na kutikisa. Zilizokatwa zinaanguka mezani, nyingine zinabaki zikining'inia. Kazi ya kuwauliza watu mia tano inakwisha kabla chai haijapoa.

Tundu ambalo Daktari analipenda kuliko yote ni la damu inayopinda. Mpimaji wetu Elieshi, Mchaga wa Machame, anaweka tone la damu kwenye kioo, analifunika kwa kioo kingine chembamba, anaziba kingo kwa nta ili hewa isiingie, kisha anangoja hadi kesho yake. Chembe za damu ya watu wengi hubaki duara. Za wengine hupinda kama mundu. Mtu mwenyewe hana habari, anakula, anacheza dansi, anabeba magunia. Katika wale mia tano wetu, damu ya watu mia moja ilipinda. Na mimi nimo. Usishtuke, sina ninachoumwa.

Sasa nifuate polepole, dada. Kila mtu ana mbegu mbili za damu, moja kapewa na baba, moja na mama. Watu mia tano, mbegu elfu moja. Wale mia moja kila mmoja ana mbegu moja yenye ila hiyo ya kupinda, kwa hiyo ni mbegu moja katika kila kumi. Daktari akanipa mashine ya kuhesabu, ya chuma, yenye mpini wa kuzungusha na kengele ndani, akaniambia nitafute ni wangapi wangekuwa wamepata ila kwa baba na kwa mama pia. Nikazungusha. Moja ya kumi kukutana na moja ya kumi ni mtu mmoja katika mia. Katika mia tano ni watano.

Nikazitafuta kadi zao. Hawa damu yao hujipinda hata kabla Elieshi hajaiziba kwa nta, na kadi yao ina tundu la peke yake. Nikapitisha sindano, nikainua, nikatikisa. Haikuanguka hata moja. Nikadhani nimekosea, nikazungusha mpini tena, na tena mara ya tatu, kengele ikilia vilevile na jibu likitoka lilelile. Watano. Nikamwendea Daktari nikijua Wazungu hawapendi karani anayekosea hesabu. Akatazama daftari, akasema, "Hujakosea, Hamis. Sisi tumepima watu wazima. Hao watano walikufa wakiwa watoto."

Alisema hivyo na kurudi kwenye karatasi zake.

Baadaye alinipa kazi nyingine ya majuma mawili. Kama kila kizazi kinawazika wenye mbegu mbili, basi ila yenyewe inapaswa kupungua, na alitaka kujua kwa kasi gani. Nikakokotoa kizazi cha kwanza, jibu lake nikalifanya mwanzo wa kizazi cha pili, na kuendelea hivyo mpaka vizazi arobaini. Mkono uliniuma mpaka Mama akanikanda kwa mafuta ya nazi. Mbegu moja katika kumi ikashuka mpaka moja katika hamsini. Hiyo ni kwenye daftari. Lakini sisi watu wa pwani tuko hapa zaidi ya vizazi arobaini na ila yetu haijapungua. Kuna kitu kinaishikilia.

Kitu hicho, asema Daktari, ni homa ya malaria. Mwenye mbegu moja tu yenye ila, malaria haimuui kwa urahisi utotoni. Ndiyo maana kadi za watu waliotoka Kilimanjaro, kwenye baridi kusiko na mbu, karibu zote hubaki kwenye sindano. Elieshi damu yake duara safi, na kila mwaka masika yakiingia analala chini ya mablanketi matatu akimwita mama yake. Huwa namtania kwamba mbu wa Kariakoo wanamjua kwa jina. Yeye hunijibu kwamba kwao hawahitaji dawa inayoua mtoto mmoja ili kumponya mwingine. Siku aliyosema hivyo sikucheka.

Dada, najua umeshaelewa. Wewe huhitaji kuambiwa kitu mara mbili.

Nilimweleza Elieshi habari za wanao Mwanaidi na Kondo bila kutaja ni watoto wa nani. Vidole vyao vilivyovimba kabla hawajaanza kutembea. Macho ya manjano. Jinsi Kondo alivyokuwa akilia upepo wa kusi ukivuma, na wewe ukimfunga kanga mbili. Elieshi alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama wazazi wao ni ndugu. Nikasema ndiyo. Akainamisha kichwa kwenye darubini yake.

Kwa hiyo nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe yale ambayo ungepaswa kuambiwa miaka mingi iliyopita. Huna chango la kuua watoto. Hukuwaua kwa maziwa yako, wala kwa kutoka nje ukiwa mzazi kabla ya arobaini, wala kwa kukataa ile dawa ya mganga wa Bagamoyo. Shangazi alikusema mbele ya watu kwenye matanga ya Kondo, na mimi nilikuwepo, nikanyamaza. Aibu hiyo ninayo mpaka leo. Ile ila ya damu haitoki kwa mama peke yake. Ni lazima itoke pande zote mbili, kwako na kwa Ramadhan, sawa kwa sawa. Wazazi wote wawili wakiwa nayo, kila mimba ni kama kuokota mbegu mbili gizani. Mtoto mmoja katika wanne hupata zote mbili zenye ila. Wawili hupata moja, kama wazazi wao. Mmoja hana kabisa. Lakini hesabu haipangi zamu. Wako wa kwanza wawili waliangukia ubaya, Tatu akapona.

Sasa tazama. Ramadhan na Seifu ni tumbo moja. Wewe na Sitara ni tumbo moja.

Posa ilipoletwa, nilifanya kosa moja. Kadi ni siri, tulitia sahihi kwa Daktari kwamba hatutatafuta jina la mtu. Siku moja wenzangu walipotoka kula nilipitisha sindano. Kadi ya Sitara ilianguka. Nikaiokota na kuitazama mara mbili, ni yeye, Sitara binti Salum, Mtaa wa Swahili. Kadi ya Seifu ilibaki ikining'inia. Nilikaa chini nikamshukuru Mungu kwa sauti. Mmoja akiwa hana ila, hakuna mtoto atakayepata mbili. Jioni ile nikaipokea posa kwa furaha mpaka Mama akaniuliza kama ninaoa mimi.

Jumapili iliyopita Seifu alialika wenzake wa sokoni, maana unajua anauza nazi pale karibu na lango kubwa. Akaja na Pius, mchukuzi, kijana wa Rombo anayeshusha ndizi kwenye malori. Tunakula pilau, tunacheka, Pius ananiambia, "Bwana Hamis, mimi nimekwisha kuwa ndugu yenu kitambo. Damu ya bwana harusi niliitoa mimi!"

Nikamwuliza ana maana gani.

"Mwenzangu huyu aliogopa mumiani," akasema, huku Seifu akimkanyaga mguu chini ya meza. "Mlipokuja na sindano zenu alijificha nyuma ya nazi. Akaniambia, Pius, nenda ukaitike jina langu, nisimwaibishe Hamis. Nikaenda. Kidole ni kidole."

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikarudisha tonge sahanini. Ile kadi iliyobaki kwenye sindano ni damu ya Mchaga wa Rombo. Ya Seifu hatujaipima kamwe.

Siku tatu sikulala vizuri wala sikumwambia mtu. Nilikuwa nimemkasirikia Seifu, kisha nikajikasirikia mwenyewe zaidi, kwani ni mimi niliyekwenda nyumba kwa nyumba nikiwahimiza watu waje kwa heshima ya Baba. Mtu akiogopa kukuaibisha, anakudanganya kwa adabu. Leo asubuhi nimekwenda sokoni kabla ya kazi. Nikamkuta anapanga nazi zake.

"Kaka Hamis, mimi siogopi," akasema kabla sijafungua mdomo.

"Basi lete kidole."

Alifumba macho, dada. Mwanamume mzima anayepasua nazi mia kwa siku alifumba macho kwa ncha ya sindano. Nimempenda palepale, na hilo limeniumiza zaidi. Kioo nimekipeleka kwa Elieshi, amekiziba kwa nta, hakuuliza ni cha nani. Kiko kwenye sanduku la mbao karibu na dirisha. Kesho tutajua. Naiacha barua hapa, kwa sababu sitaki kuipeleka nusu.


Jumamosi, 16 Juni

Dada, imepinda.

Elieshi alitangulia kutazama. Alipomaliza alisogea, akanipisha kwenye kiti. Nikatazama mpaka jicho likatoka machozi. Miundu mitupu, mingi, kona mpaka kona.

Nilimwendea Daktari nikakiri yote, kadi na siri. Nilitarajia atanifukuza. Akasema kazi yake ni kuhesabu watu wengi, si kumwambia mtu mmoja amuoe nani. Nikamjibu kwamba mimi sina ndugu wengi, nina hawa tu. Hakunifukuza. Ameniambia Jumatatu nije na daftari kama kawaida. Sijui kama ni huruma au ni kwa sababu hakuna mwingine anayeuweza ule mpini.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nimewaambia. Jana alasiri niliwakalisha Sitara na Seifu uani, Mama akiwa jikoni mlango wazi, nikawapangia punje za kunde na choroko juu ya sinia, hii ya baba, hii ya mama, mpaka wakaelewa. Seifu alizigeuza zile punje kwa kidole. Neno lake la kwanza halikuwa la harusi yake. Alisema, "Basi dada Sophia hakuwa na kosa. Na kaka Ramadhan naye anayo." Akaondoka, akaenda moja kwa moja kwa mama yake.

Leo asubuhi Shangazi Mwanahawa kaja. Nilijiandaa kwa matusi, unajua ulimi wake. Akakaa barazani kando ya Mama, hakula tambuu. Kisha akanyoosha mkono wake ule wenye bangili na kuniambia, "Nitoboe na mimi, mwanangu." Yeye aliyekuwa akitueleza habari za mumiani tangu tuko watoto. Nilimtoboa. Hakufumba macho. Alitazama tone lake likipanda juu ya kioo, akauliza kama dawa ya kuomba radhi inapatikana huko kwa daktari. Mama akamshika bega. Damu yake imo sandukuni, na jibu lake si muhimu tena, ila yeye analitaka.

Imebaki Sitara. Nilidhani atalia. Hakulia hata kidogo, amenikasirikia. Anasema nimemletea hesabu badala ya kaka. Anasema mmoja katika wanne maana yake watatu katika wanne wanaishi, na kwamba hakuna mama wa Kariakoo aliyewahi kuahidiwa hata hao watatu. Anampenda Seifu tangu wakiwa wadogo, tunajua sote. Mimi moyo wangu unaniambia nimjibu Shehe hapana, nitukanwe na mtaa mzima, na yote yaishe. Mwenye uwezo wa kuikataza ndoa hii ni mimi. Lakini nimekaa karibu mwaka mzima nikizungusha mpini, na mashine haijawahi kuniambia mtu anavyolia.

Usiku ulikuwa umekaribia tulipomaliza kubishana. Alisema, "Usiniulize mimi, sijalipa chochote. Muulize dada Sophia. Muulize hivi: angalijua yote haya siku ile, angaliolewa na Ramadhan?" Ameapa kwa kaburi la Baba kwamba atalifuata jibu lako, lolote liwalo. Na mimi nimeapa mbele yake kwamba nitalifuata.

Nisamehe, dada. Tulikutwika lawama isiyo yako kwa miaka sita, na sasa tunakutwika hili. Ningeweza kulichukua mwenyewe ningelichukua. Lakini huku sote tunahesabu kwa punje, na wewe peke yako ulihesabu kwa kubeba na kuzika na kubeba tena.

Barua hii namkabidhi dereva wa basi la Tanga kesho alfajiri, akuletee mkononi. Hakuna muda wa wewe kuandika. Nenda posta upige simu ya maandishi, neno moja latosha, ndiyo au hapana, ifike kabla ya Alhamisi jioni. Usinifikirie mimi unapojibu, wala usimfikirie Shangazi. Ila usimsahau Tatu.

Mama anakusalimu na kukuombea. Sitara anakusalimu, ingawa mimi hanisemeshi. Seifu anakuamkia, na anamwamkia kaka yake. Elieshi, ambaye hamjaonana, ameniomba nikupe pole. Mpe Ramadhan mkono wangu, na siku utakayomsomea barua hii, usimwache peke yake. Mbusu Tatu kwenye paji la uso.

Mola akufungulie njia ya kusema lililomo moyoni mwako, na akulinde na uzito wake.

Kuna jambo dogo la mwisho. Katika daftari la Daktari, pale kwenye hesabu ya wale watano, pembeni kuna nafasi nyeupe. Jana, kabla sijalifunga, niliandika humo majina mawili kwa wino. Daktari ameyaona, hajayafuta. Ukipita makaburini Ijumaa, nyunyiza maji, uwaambie Mwanaidi na Kondo kwamba mjomba wao amewahesabu.

Ndugu yako akupendaye na anayekungoja,

Hamis